Udongo Anaokula Mama

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimechota maji, nimefagia, nimetandika. Chini ya godoro la mama nimekuta pemba tena. Vipande vitatu vya ule udongo uliokaushwa, wanaouziwa wajawazito sokoni Katoro. Kimoja kina alama za meno. Nimevirudisha.

Jumatano, 8 Oktoba
Mwalimu Rehema amefundisha kuhusu madini ya risasi. Huku kwetu yanaweza kuwamo kwenye mawe ya dhahabu, kwenye vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe hayo, hata kwenye udongo wa kula. Hayana harufu. Yanapita kwa mama hadi kwa mtoto tumboni na kudhuru ubongo wake. Mwili uliopungukiwa chuma na kalsiamu huyanyonya zaidi. Kwa hiyo dagaa, maziwa, mboga za majani, na tusishinde njaa. Wenzangu walinakili. Mimi nilihesabu miezi. Mimba ya mama ni ya miezi sita.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimemweleza mama yote. Alisikiliza akimenya viazi, kisha akacheka.
"Si umesema mwili unataka madini? Ndiyo hayo ninayokula."
Bibi, mama yake baba, akadakia kwamba yeye alikula pemba mimba zote, na baba ana akili zake, hajawahi kupunjwa bei ya ng'ombe mnadani. Wakacheka wote wawili. Nilitoka nje. Nina hasira. Hofu imezidi hasira.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimepika dagaa na matembele. Mama amekula, akaongeza. Nilifurahi mpaka nilipomkuta nyuma ya choo anatafuna. Ile sauti. Kama mtu anayekula mkaa. Mwalimu aliniambia leo asubuhi: chakula husaidia, lakini hakifuti kinachoendelea kuingia.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimeomba ruhusa shuleni, nimemsindikiza mama kliniki. Nilimwamkia nesi, na kabla mama hajafungua mdomo nikasema: anakula pemba. Mama alinitazama vibaya. Nesi hakugomba. Alimpima damu, akakuta ni ndogo. Alisema hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu huo. Akampa vidonge vya chuma. Chakula ale na ndimu au chungwa, chai isubiri kwa kuwa huzuia chuma, pemba aache kabisa. Nikauliza kipimo cha risasi. Hapo hawana. Kwa hiyo hatujui imeingia kiasi gani. Njia nzima mama hakunisemesha.

Jumatano, 22 Oktoba
Bado hanisemeshi. Ila anameza vidonge, uso ameukunja. Bibi amekamulia ndimu kwenye mchicha wa mama bila kuambiwa na mtu, kisha akajifanya hakuniona. Chini ya godoro sijaangalia. Naogopa kuangalia. Jana niliota mtoto amezaliwa, tunamwita, hageuki.

Jumapili, 26 Oktoba
Mvua ya kwanza, baada ya kutoka kanisani. Vumbi lote limelowa na ardhi imetoa ile harufu yake. Mama alisimama mlangoni. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, nikaona koo lake likimeza mate. Nilikuwa nimeshika bakuli la maziwa ya mgando. Sikuthubutu kusogea. Kisha akarudi ndani, akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mkono.
"Funga mlango, Minza. Nipe hayo maziwa."
Nimefunga.