Mama, Ulikuwa Ukienda Matanga ya Nani?

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo ungenikata jicho hata huko uliko.

Mama, ulikuwa ukienda matanga ya nani? Nijibu! Nimepigwa na butwaa tangu Ijumaa.

Unakumbuka nilivyoapa. Mwanasiti, kifunguamimba wangu, alipovimba paja baada ya sindano, nilisimama uani nikasema hakuna mwanangu atakayechanjwa tena. Ukaendelea kupepeta mchele wako. Nikadhani nimeshinda. Basi ikawa kila mara umejitanda leso, umembeba mjukuu, waniaga: "Nakwenda matangani Ramisi." Mara Msambweni. Mara kwa binamu wa sijui nani. Na mimi, mpumbavu, najibu, "Mungu amrehemu!" Mtoto akirudi na homa, wasema ni jua la matangani. Nani atamhoji mtu anayekwenda kuhani wafiwa?

Surua imeingia Mwabungo, Mama. Imemchukua Saidi, mtoto wa rafiki yangu Bakari. Miaka mitatu tu. Tulimzika Ijumaa. Nilikaa matangani, haya ya kweli, huku Mwanasiti na nduguye wakicheza uani, wazima, hata upele hawana. Bakari akanitazama. Akaniuliza, "Wako wamesalimikaje?" Nikamwambia ni Mungu.

Nyumbani nikalirudia neno hilo mbele ya mke wangu. Aliingia chumbani kwako, akafungua kasha lako, akatoa chini ya leso zako kadi mbili za kliniki. Chanjo zote zimeandikwa, ya surua pia. Na tarehe zake, Mama, ni zile siku za matanga yako! Kumbe naye alijua. Mlinizunguka mchana kweupe, na leo nawashukuru.

Linaloniuma ni Bakari. Mimi ndiye niliyemwambia, tumekaa barazani kwake, "Usimpeleke, watamwumiza bure." Akanisikiliza. Yeye hakuwa na mama wa kumdanganya. Ee Mola wangu, nilimwambia mimi! Kwa kinywa changu hiki!

Tangu tukuzike, mke wangu amejifungua mtoto wa kiume. Hajachanjwa hata mara moja, maana wa kumpeleka matangani hayupo tena. Bakari naye amebakiwa na kichanga. Kesho asubuhi nakwenda kwake kumwambia ukweli wote, hata anitukane, hata anipige. Kisha nitamwomba anipe yule mtoto wake nimpeleke zahanati pamoja na wangu. Sijui kama atanipa. Ningekuwa yeye, nisingenipa.

Kwaheri Mama, Mungu akulaze pema. Nakuahidi jambo moja: nikiulizwa njiani nakwenda wapi na watoto, sitasema matangani.

Mwanao mbishi,
Hamisi