Namba Ulizonisomea Ukiwa Umeng'ata Bisibisi

Mama Kulwa,

Mayai yako yamefika siku ya ishirini na moja. Nasema yale sitini uliyoyapanga mwenyewe kwenye mashine ya kutotolesha, Jumatatu ile kabla homa haijakuangusha. Siku ya sita tukakuzika hapa hapa nyumbani, kando ya shamba la viazi, na feni ya mashine ikaendelea kuzunguka chumbani kama vile hakuna kilichotokea. Niliikasirikia sana.

Baada ya msiba Kulwa alirudi kazini kwake Sengerema. Doto akabaki siku chache, kisha akaanza: "Baba, utaishije hapa Magu peke yako? Twende kwangu Nyegezi tukae wote." Nikamwambia natunza mayai ya mama yako. Unamjua alivyo, kichwa chake ni chako. Akasema, "Haya. Yakitotoa, ubaki. Yakiharibika, nakuja kukuchukua." Nikakubali upesi, mjinga mimi, nikidhani mayai hujiangua yenyewe. Alipoondoka ndipo nikaanza kuogopa. Ningekuachaje hapa peke yako?

Siku ya kumi na tatu joto likaanza kushuka. Usiku lilikuwa sawa, thelathini na saba na nusu, lakini kila mchana linaporomoka hadi thelathini na tano. Nikajua koili ya kupashia joto inakufa. Mchana wa tatu nilishavaa viatu niende Mwanza mjini kutafuta nyingine, mayai yashinde kutwa nzima na baridi. Nikafungua kwanza kifuniko nione ni koili ya aina gani.

Kwa ndani, kwenye ubao, kulikuwa na mwandiko wangu. Volti 240. Ampia 2.

Nikakaa chini na viatu vyangu miguuni. Pasi za majirani, majiko, pampu, kila kitu ulichotengeneza ulikipima, ukanisomea namba huku umeng'ata bisibisi: "Andika, Baba Kulwa." Nami nikaandika kwa penseli, miaka yote hiyo, bila kuuliza ni za nini. Hesabu nilizikimbia tangu darasa la nne. Ulikuwa ukinitania, "Mwandiko mzuri, kichwa kimelala." Lakini masikio hayakulala. Wateja wako wote uliwaambia maneno yaleyale: gawa volti kwa ampia, upate ukinzani, utajua kama koili imebadilika, zidisha, utajua inafanya kazi kiasi gani.

Nikachukua mita yako, ile yenye taya za kubana waya. Volti mia moja themanini. Ampia moja na nusu. Nikasema kwa sauti, "Andika."

Wa kuandika ni mimi mwenyewe.

Hapo nililia, Mama Kulwa. Msibani sikutoa chozi, watu wakanisifu kwa uvumilivu. Nililia pale, mita mkononi, mpaka nikasahau joto linashuka.

Kisha nikatafuta penseli. Mia mbili arobaini kwa mbili ni mia na ishirini, hiyo hata mimi naiweza. Mia moja themanini kwa moja na nusu ilinitoa jasho. Nikaifanya mara tatu juu ya boksi la sabuni, na mara tatu ikaja mia na ishirini. Ukinzani uleule! Koili yako nzima kabisa. Nikazidisha: zamani ilikuwa ikitoa wati mia nne themanini, sasa mia mbili sabini tu. Umeme ndio uliopungua. Nikatoka nje nikasikiliza, na kweli, mashine ya jirani ya kukobolea mpunga ilikuwa inanguruma, inavuta umeme wa laini yetu. Mavuno yameanza, inafanya kazi mchana kutwa. Nilikuwa naisikia kila siku bila kuisikiliza.

Nikavua viatu. Kwenye ndoo ya vipuri nikaikuta koili ya pili. Ulizinunua mbili zinazofanana, ukaziita Kulwa na Doto kama pacha wetu. Nikazima umeme ukutani kwanza, kama ulivyonifokea mara elfu, nikaiunga kando ya mwenzake, kila moja na njia yake. Mia mbili sabini mara mbili, wati mia tano arobaini. Joto likapanda hadi mahali pake, na ile swichi yako ya kupima joto ikakata umeme yenyewe.

Leo asubuhi ganda la kwanza limepasuka. Ninapoandika, vifaranga arobaini na mmoja wameshakauka. Nilimpigia Doto nikaiweka simu karibu nao asikie. Akasema, "Haya, Baba. Baki na Mama."

Nimebaki. Ila hakuna wa kunitania kwamba kichwa kimeamka. Natamani hata kugombezwa. Natamani nishike tochi vibaya, uniambie, "Mulika ninachokiona mimi, siyo unachokiona wewe."

Chini ya namba zako nimeandika zangu, na mbele ya kila mstari nimeongeza 120. Zako sitazifuta. Jirani ameleta pasi isiyopata moto, hajui aipeleke wapi tena. Kesho nitaipima. Nakuahidi nitazisoma namba kwa sauti, nitasubiri kidogo, kisha nitaandika mwenyewe.

Pumzika, mke wangu.

Karani wako,
Baba Kulwa