Nani Atampiga Bw. Eckart Shimoni

CHAMA CHA UPANGA WA KALE, HOHENLAUF
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumapili, 16 Juni 2019, saa 5:00 asubuhi, chumba cha nyuma cha Baa ya Kulungu

WALIOHUDHURIA
Bw. Wendelin Kapfer – Mwenyekiti
Bi. Irmela Voss – Mtunza Hazina
Bw. Eckart Sinz – Mkufunzi
Bi. Mechthild Sinz – Mkufunzi
Bi. Reinhild Ostertag – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bw. Tilo Grabner – Mtunza Silaha (bila udhuru, Katibu alimwona akiosha gari, tena Jumapili)

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika. Bw. Eckart na Bi. Mechthild, walioachana mahakamani mwezi Machi, waliketi kila mmoja ncha yake ya meza. Chumvi ilikuwa katikati na hakuna aliyeiomba.

KUMB. NA. 2: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Bw. Eckart aliomba neno "alifoka" lifutwe, iandikwe "alifafanua". Katibu alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na alisikia. Neno lilibaki.

KUMB. NA. 3: PAMBANO LA MUME NA MKE, SIKUKUU YA MJI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kitabu cha kale cha mabwana wa upanga, ambacho chama hukifuata, kinaonyesha jinsi ugomvi wa ndoa ulivyoamuliwa zamani: mume husimama shimoni hadi kiunoni na rungu mkononi, mke huzunguka juu na jiwe alilolifunga kwenye shela. Siku hizi jiwe ni mfuko wa ngozi wenye mchanga, nao unauma. Bw. Eckart na Bi. Mechthild wamelionyesha pambano hilo kila Julai tangu waoane, na ndilo linalojaza uwanja.

Bi. Mechthild alieleza kwamba mwaka huu hatapigana. "Tumeshaachana mbele ya hakimu. Sioni sababu ya kuachana tena mbele ya watu wanaokula soseji."

Mwenyekiti alipendekeza Bi. Irmela achukue nafasi. Bi. Irmela alikubali upesi kuliko ilivyotarajiwa. Bw. Eckart alipinga, akawafungulia wajumbe mdomo waone jino lililolegea katika mazoezi ya Alhamisi na Bi. Irmela.

"Nimekupiga kutoka kulia, kama kitabu kinavyosema," alisema Bi. Irmela. "Wewe ndiye uliyesimama kama mlingoti."

"Huyu mama ataniua! Miaka yote hii Mechthild hajanigusa hata sikio."

"Kwa sababu ulikuwa hodari, siyo?" aliuliza Bi. Irmela.

"Ndiyo, nilikuwa hodari! Kuna ubaya gani?"

Hapo Bi. Mechthild alicheka peke yake, kisha akaacha. Alieleza kwamba shingo ya Bw. Eckart haigeuki kulia tangu alipoanguka na baiskeli, ingawa mwenyewe hataki kukiri. Kwa hiyo siku zote amekuwa akimpiga kutoka kushoto, upande anaouona.

Mwenyekiti alisema amesikitika mno. Ilidhaniwa anaisemea ndoa. Alifafanua kwamba anausemea upande wa kushoto: chama kimekuwa kikiwaonyesha watu pigo lisilomo kitabuni, na wenzetu wa mji wa jirani wameshaliiga.

"Wendelin, bwana we, la kulia asingeliona!" alijibu Bi. Mechthild. "Ulitaka nimpasue kichwa ili kitabu kifurahi?"

Mwenyekiti alijibu kwamba kitabu kimedumu kuliko ndoa zote za mji huu. Katibu anaona ni wajibu wake kuandika kwamba maneno hayo yalikuwa ya aibu.

Bw. Eckart alijaribu kugeuza shingo kulia mbele ya kamati. Ikafika pale inapofika. Aliomba iandikwe kwamba hakujua habari ya kushoto. Imeandikwa.

AZIMIO: Pigo litoke kulia kama kitabu kinavyoagiza, yeyote atakayelipiga. Waliokubali: Mwenyekiti na Bi. Irmela. Aliyepinga: Katibu. Wahusika wawili hawakupiga kura.

Baada ya azimio Bi. Mechthild alitangaza kwamba amebadili nia, atapigana yeye. Mwenyekiti alimtaka athibitishe atapigia upande gani. Alijibu kwamba hilo analijua mwenye shela.

Mwenyekiti alimwuliza Bw. Eckart kama kweli yuko tayari kuingia shimoni bila kujua pigo litatoka wapi, tena mikononi mwa mwanamke aliyeachana naye.

Bw. Eckart alimtazama Bi. Mechthild, jambo ambalo Katibu hajaliona tangu Machi.

"Chimbeni," alisema.

KUMB. NA. 4: KUFUNGA
Hapakuwa na mjumbe mwenye la kuongeza. Wajumbe waliinuka saa 6:35 mchana, dengu walizoagiza kwa chakula cha mchana zikiwa zimeshapoa.

(saini) R. Ostertag, Katibu
(saini) W. Kapfer, Mwenyekiti, akisisitiza: kulia