Talaka ya Kuokoa Shamba

Wifi Arlene,

Jamu yako imefika, ila chupa moja ilipasukia njiani. Theluji imewahi mwaka huu hapa Wisconsin. Ng'ombe wazima. Shamba lipo, kama ulivyotaka.

Kaka yako Virgil ananenepa huko kwenye nyumba ya wazee. Serikali inamlipia kila kitu. Tungebaki mke na mume, tungelazimika kuuza shamba kwanza ndipo wamsaidie. Unakumbuka ulivyoniambia mbele ya wakili? "Dai talaka, Lorna, shamba liwe lako. Ni karatasi tu, kesho hata hatakumbuka."

Basi amesahau watoto. Amemsahau mbwa wake, na sura yangu pia. Hiyo talaka ndiyo hajaisahau. Kila nesi anayemlisha anamwambia, "Mke wangu alinitupa nilipougua."

Jumapili nilimpelekea pai ya tufaha. Alikula yote, akanitazama, akauliza, "Mama, una mume?"

"Ninaye. Anaumwa."

"Hujamwacha?"

"Sijamwacha."

Akanishika mkono. "Mungu akubariki, mama. Wangu mimi alikuwa shetani."

Nilimfuta makombo kidevuni, nikaondoka.

Wewe anakukumbuka vizuri, wifi. Anasema dada yake Arlene angejua, asingekubali aachwe. Kila siku anavaa koti na kukaa karibu na mlango, anakungoja uje umrudishe kwa mkewe.

Njoo basi, umweleze wewe.

Aliyekuwa wifi yako,
Lorna