Ligi ya Kampuni Moja

Nyumbani,
Chumba cha uani.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa. Sisi tunapumua. Mama bado anakohoa lakini hataki kulala mchana. Anasema ugonjwa unakaa kitandani, ndiyo maana haendi huko.

Bila shaka umeshaona. Ligi yetu ya kwenye gemu, tunayocheza wewe huko na mimi huku, imezimwa. Jana niliwasha mashine ya michezo kama kawaida nikakuta maandishi meupe: huduma ya toleo hili imesitishwa, nunua jipya. Hilo jipya haliingii kwenye mashine yetu kuukuu.

Nimeumia, Kaka. Kampuni inayotengeneza mchezo wetu ilipopewa peke yake haki ya kutumia majina ya ligi na timu, iliahidi makubwa. Tangu hapo kila mwaka inatuuzia mchezo uleule kwa jalada jipya, na kipa bado anapenya kwenye nguzo ya goli kama jini. Wapinzani wao, waliotengeneza mchezo mzuri zaidi, hawaruhusiwi kutumia jina la timu hata moja. Kwao timu yetu inaitwa "Wekundu wa Kaskazini". Nani ataishangilia hiyo?

Nilikwenda kwa Kipara, yule mwenye chumba cha michezo nyuma ya kituo cha mafuta, kuuliza kama kuna njia. Alicheka bila furaha. "Mdogo wangu, mwenye duka peke yake mtaani anaweza kukuuzia mchanga akauita chumvi. Na foleni utaikuta." Naye anafunga mwisho wa mwezi.

Dada ananicheka. "Si gemu tu? Mpigie kaka yako simu kama watu wengine, Bi Kimya!" Nilipiga, unajua ilivyokuwa. Wewe "mambo," mimi "poa," kisha tukasikilizana pumzi mpaka salio likaisha. Mimi na wewe hatujui kuzungumza hivihivi. Tunazungumza macho yakiwa kwenye mpira. Uliniambia wifi ameondoka ukiwa unajiandaa kupiga kona. Mimi nilikwambia nimefeli hisabati wakati wa penalti yako, na ukaipaisha.

Kuna jambo nilikuwa nangoja kukuuliza jana, mpira ukiwa kwako. Jirani aliyerudi kutoka huko uliko amemwambia Mama kwamba ghala mlilokuwa mkifanyia kazi limefungwa, na kwamba unalala kwenye kochi la rafiki. Mama alimfukuza. Mimi nilimwamini, kwa sababu siku hizi kila nikitoka shule na kuwasha mashine, nakukuta umo, hata saa za kazi.

Ni kweli, Kaka? Kama huwezi kuandika mengi, andika neno moja. Sitamwonyesha Mama.

Dada anakusalimu, na mwanawe aliyeota meno mawili. Mama anasema ule vizuri.

Mungu akufunike popote utakapolala leo.

Wako akupendaye,
mdogo wako, Bi Kimya