Wimbo wa Wale Walitembea Nyuma

Mujukuu wangu Espérance,

Huku Ngungu tuko wazima. Mama yako alifika jana toka Bweremana na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na roho zetu zimetulia.

Unauliza wapi utapata marche za fanfare, zile nyimbo za kutembea za bendi ya tarumbeta, zenye hazijulikane, uzipange kwa kinanda cha kanisa lenu kule Kisangani, kile munapiga na mikono na miguu. Karatasi za nota kwetu hazikukuwa. Katika fanfare ya paruasi, kanisa letu la hapa, kila mupigaji alijua tu sehemu yake. Mimi, na tarumbeta yangu kubwa, nilijua bum-bum, basi.

Sikukuu moja, Papa Anselme, mwenye alikuwa peke yake kupiga wimbo wenyewe, nyuki ilimuuma mudomo akivuna asali. Padiri alikuwa ameisha kutoka na musalaba. Tukaanza bila yeye, tukiona haya. Hatujafika hata kwa soko, wamama wenye kutufuata wakaimba ule wimbo wote, na maneno yao ya Kihunde juu ya maharagi! Papa Anselme, mudomo umevimba sawa kiazi, alicheka mupaka akalia. Nami nikapumua.

Basi usitafute kwa wapigaji tu. Uliza wale walikuwa wanatembea nyuma yetu. Leo nimemuomba Mama Furaha, mumoja wa wale wamama, aimbe ndani ya telefone. Sauti imezeeka, lakini wimbo iko muzima. Nakutumia. Chini utasikia muntu anapiga bidon, dumu ya maji: ni mimi. Wimbo uweke kwa mikono. Ile bum-bum yangu, mwana, upatie miguu yako.

Tate yako,
Gérard