Yai Lenye Jina la Miza

Kwa ndugu yangu mpenzi Majid bin Hamed, Mwenyezi Mungu amweke katika afya na stara, yeye na wote walio chini ya paa lake.

Salamu zangu nyingi zikufikie huko Unguja. Baada ya salamu nauliza hali yako, na hali ya kifua chako kinachokusumbua kila upepo ukigeuka, na hali ya wageni wako, Mwanamvua na mwanawe Msabaha, uliowapa chumba cha uani walipokujia kutoka Bagamoyo. Mimi dada yako sijambo, kwa kiasi cha mtu wa umri wangu anayelala juu ya kitanda cha kamba kisicho chake. Bintiyo Miza hajambo kidogo tu, naye ndiye aliyenikalisha kuandika.

Barua yako nimeipokea kutoka kwa Mgeni, yule Mkwere aliyekuwa akimbebea mizigo marehemu mume wangu, na ambaye sasa ametupa kibanda katika shamba lake. Niliisoma mara ya kwanza nikitafuta siku utakayokuja kumchukua mwanao. Sikuiona. Nilikuta hirizi iliyoshonwa ndani ya ngozi, na maneno yako kwamba Miza aivae, abaki huku bara hadi mambo yatulie, kwa kuwa watu wa nyumbani mwako wameingiwa na hofu. Hofu ya nini, hukuandika. Naijua. Umesikia kwamba yai la Miza halikuanguliwa.

Basi nitakueleza jambo lote tangu mwanzo, kwa utaratibu, kama baba alivyotufundisha kusimulia. Nakuomba usikimbilie mwisho.

Chuo changu unakijua: ukumbi wa nyumba aliyoniachia marehemu, majamvi mawili, rafu ya misahafu, na mbao za watoto zimeegemezwa ukutani. Mwaka huu, Wadachi walipopandisha bendera yao na biashara ikasimama, akina mama walianza kuona haya, maana mtoto alikuwa akimaliza juzuu nao hawana cha kumletea mwalimu. Nikawaambia waniletee yai, yai moja linatosha. Nilikuwa na kuku mwekundu aliyekuwa akihangaika kutafuta pa kulalia. Nikamwekea pakacha lenye majani makavu kwenye pembe ya ukumbi, chini ya rafu, na mayai tisa ndani yake. Nilidhani watoto watajifunza subira kwa kumtazama kiumbe anayekaa mahali pamoja bila kulalamika.

Walijifunza kugombana. Kila mmoja alidai kwamba yai kubwa ndilo lake. Mwaija, jirani yangu muuza vitumbua, alipita mlangoni akasema kuku wangu ndiye mwanafunzi pekee anayetulia, afadhali nimwanzishie alifu. Ili kumaliza kelele nikaruhusu kila mtoto aandike jina lake juu ya yai lake, na Miza akawashika mikono wale wadogo. Tulitumia wino wetu uleule wa masizi, unaofutika kwa maji, tunaoandikia mbao. Msabaha alikataa kushikwa mkono. Alitoa ulimi nje, akaandika jina lake zima kwa mara ya kwanza maishani mwake, na herufi yake ya sini ina meno manne badala ya matatu. Miza aliandika la kwake mwisho.

Nimeishi mji ule wa Bagamoyo miaka thelathini na mbili. Najua kwamba pale jina la mtu huandikwa kwenye yai kwa sababu moja tu, na kwamba yai hilo huzikwa njia panda au makaburini. Najua kama ninavyojua bei ya chumvi. Lakini mtu aliyeondolewa kwao mdogo, ukimkalisha ugenini hata uzee, bado kuna vitu anavijua kwa kichwa tu. Mwili wake hauvishtukii. Mimi sikushtuka.

Mwanamvua alipokuja kumchukua mwanawe, Msabaha alimvuta hadi kwenye pakacha, akamwambia kwa furaha kwamba yai lile ndiye yeye. Mwanamvua hajui kusoma. Aliuliza alama zile ni nini, akajibiwa na watoto wote kwa sauti moja. Wewe unamjua leo akiwa amenyamaza, ndugu yangu, lakini siku ile kelele yake ilileta mtaa mzima. Amezika watoto watatu, na Msabaha ndiye aliyebaki. Alinishika mabega akaniuliza ni nani aliyenituma.

Akina mama walikwenda Dunda kwa mganga. Akawaambia mayai yasioshwe wala yasivunjwe, kwani majina yamekwisha kuingia, wangoje. Mtoto ambaye yai lake litaanguliwa, naye atakuwa ametoka. Ambaye yai lake litakufa, mganga hakumalizia, akachukua ujira wake.

Niliwaambia kwamba wino haupiti ganda. Niliwasimulia kitabu cha baba chenye habari za nchi ya Misri, pale panapotajwa matanuri ya kuangulia mayai bila kuku. Unakumbuka ulivyocheka ukiwa mdogo, hata ukapaliwa na tende? Nao walicheka. Mwaija akasema kumbe Misri wana tanuri hata la kuku, na sisi mwaka huu hata la mkate limepoa. Mwingine nyuma yake akasema bibi huyu amesoma mpaka amesahau kuogopa. Nami nikacheka. Hatujacheka pamoja tena tangu siku hiyo.

Kila asubuhi wakawa wanakuja kusimama mlangoni. Hawakuja kwa chuki. Walimletea kuku mtama, walimsogezea maji, wakanong'ona naye kama wanavyonong'ona na mkunga.

Kisha ikaja asubuhi ile ya mwezi wa Mfunguo Nne, Wadachi walipoteremka kutoka manowarini na mizinga ikalia. Habari za siku hiyo umezisikia kwa wengi, nami sitazirudia. Maiti niliowajua kwa majina walikuwa zaidi ya nilioweza kuwaombea kwa mara moja. Nitasema la kuku tu. Mzinga wa pili ulipolia, aliruka ukuta wa ua, asirudi.

Ndipo mimi na Miza tukafanya kama kitabu kilivyosema. Tulijaza chungu mchanga uliopashwa moto, tukatandika sufi juu yake, tukayapanga mayai, tukafunika, na makaa tukayaweka mbali kidogo. Watu wa Misri hupima joto kwa kulibandika yai kwenye ukope wa jicho, kwa kuwa hapo ngozi ni nyembamba na haidanganyi. Yai lililokaribia kuanguliwa huwa na joto lake lenyewe, na lililokufa hupoa upesi. Nilimfundisha Miza. Alikuwa na subira kuliko mimi. Homa iliponilaza, kazi yote ilibaki mikononi mwake: kuyageuza mayai, kupasha mchanga, kuyapima moja moja kwenye jicho lake, huku risasi zikisikika upande wa boma.

Yaliangulika, ndugu yangu. Ukumbini mwangu, katika mji ambao nusu ya watu wake walikuwa wamekwisha kukimbia, vifaranga vinane vilitoka. Akina mama waliobaki walikuja wakiinamisha vichwa kwa hofu ya risasi, wakakaa juu ya jamvi la watoto. Kila ganda lilipopasuka niliwasomea jina. Msabaha alipopata kifaranga chake Mwanamvua alikibusu, kikiwa bado kibichi, akalia machozi mengi.

Lililobaki kimya lilikuwa na jina la Miza.

Mwanamvua, aliyekuwa akimsuka Miza nywele kila wiki, alichukua sahani ambayo Miza alikuwa akilia chakula pamoja na watoto akaiweka kando, peke yake. Aliiweka kwa heshima, taratibu. Afadhali angaliitupa.

Siku chache baadaye mashua ya Kitwana ikawa inavuka kuja Unguja. Tulifika ufukweni pamoja na wengine. Kitwana si mtu mbaya. Aliniambia, bila kunitazama usoni, kwamba bibi nafasi yangu ipo, hata ya sanduku la vitabu ipo, lakini binti huyu akipanda, wengine wote watashuka. Nilitazama walioketi chomboni. Nilikuwa nimewafundisha watoto wao, na baadhi yao niliwafundisha wao wenyewe. Msabaha alikuwa mapajani kwa mamake, amekumbatia kifaranga ndani ya kofia yake, akiita, Miza, njoo ukae hapa. Mamake akamfunga mdomo kwa kiganja.

Nilifungua kinywa ili nimtukane Mwanamvua. Miza akanivuta mkono, akaniambia maneno sikioni. Nilipoyasikia nikateremsha sanduku, na mashua ikaondoka. Ndiyo sababu mwanao hakufika kwako siku ile uliyongoja bandarini.

Tulitembea hadi huku Ukwere. Mgeni alitupokea bila swali. Mvua za vuli zinavuja juu yetu, vitabu vya baba vimelowa na baadhi ya kurasa nimezianika kwenye kamba kama nguo. Ni mara ya tatu nahamishwa katika maisha yangu, na safari hii sina hamu ya kujua nitapelekwa wapi. Lakini hayo ni yangu. Miza hali. Hana homa, hana jeraha. Anakaa mlangoni akiwa amepakata mikono, nikimpa uji anakunywa mafunda mawili kwa kunistahi, kisha anasema ameshiba. Mifupa ya mabega yake naiona kupitia nguo. Hirizi yako nilimvisha. Aliishika, akauliza kama baba naye amesikia. Nilianza kuikaza kamba ya hirizi, akaelewa, na tangu saa ile hata yale mafunda mawili yamekuwa moja.

Sasa nitakuambia alichoniambia ufukweni. Alinisihi nisimwambie mtu, nami nilimwahidi kwa jina la Mungu. Leo naivunja ahadi hiyo, na kafara yake nitafunga mwenyewe.

Yai lililokufa halikuwa la Miza. Lilikuwa la Msabaha.

Mchana mmoja, mimi nikiwa nimelala na homa, alilibandika yai la Msabaha kwenye jicho lake likawa baridi. Alilirudia tena na tena. Kisha akalowesha kitambaa, akafuta jina la mtoto, akaandika lake. Akachukua yai lake mwenyewe, lenye uhai, akaandika Msabaha, na hakusahau kuipa sini meno manne. Ufukweni aliniambia kwamba nikisema kweli atapanda yeye na atashushwa mtoto. Nilikuwa na maneno ya kumwokoa binti yako tayari mdomoni, na nilimtazama yule mtoto mwenye kifaranga kofiani, nikayameza. Nihukumu utakavyo.

Nilidhani amefanya hivyo kwa kuwa, kama mimi, aliliona jambo zima kuwa upuuzi, akataka tu kumtuliza Mwanamvua. Sivyo. Nilimuuliza juzi. Alinijibu kwa adabu kwamba shangazi, niliandika kwa mkono wangu na kwa hiari yangu. Aliamini tangu mwanzo. Alijua anachochukua.

Nimemwambia kwamba wino ni masizi na maji. Ananisikiliza tu. Miaka minne, Majid, nimemfundisha mtoto huyu asikanyage karatasi iliyoandikwa, aokote kila kipande chenye herufi akiweke juu, atawadhe kabla ya kugusa ubao. Nimemfundisha kwamba kilichoandikwa kina uzito. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Sasa nimwambie nini ambacho hakitabomoa yote niliyompa, na aniamini kwa nini?

Maneno yangu yamekwisha nguvu, ndiyo maana natafuta miguu yako. Ukisoma barua hii, nenda uani umtazame Msabaha. Yai lililokufa ni lake. Mtazame anavyokimbia, uulize amekula nini leo. Ukisema amepona kwa kuwa jina lilibadilishwa, basi mwanao ndiye aliyetoa uhai wake kwa mtoto anayecheza nyumbani mwako, nawe humwachi mtu kama huyo afe katika kibanda cha watu. Na ukisema sivyo, basi yai ni yai, na hakuna sababu ya hirizi. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, njoo. Usitume mtu, maana mtu atamwogopa. Njoo na chombo chako mwenyewe hadi Saadani. Mgeni atambeba kwa machela mpaka huko. Na usichelewe, kwa kuwa wanasema manowari zitaifunga bahari, na kwa kuwa nimemwona akitembea kwa kushika ukuta.

Mwanamvua usimwambie kitu. Usimtoe chumbani, wala usimtazame mwanawe kwa jicho jingine. Miza ameshalipa kwa ajili ya hilo.

Nisalimie walio nyumbani, wakubwa kwa wadogo, hata wenye hofu. Mgeni anakusalimu. Miza anashika miguu yako. Nami ni dada yako niliyekupakata chomboni siku tulipotoka Maskati, Zeyana binti Hamed, nimeandika kwa mkono wangu, Ukwere, Mfunguo Sita, mwaka 1306 wa Hijra.

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi, Miza akaniuliza nakuandikia nini. Nikamwambia salamu. Akaniomba nikuulize kama kifaranga cha Msabaha kimekuwa mtetea au jogoo. Usilijibu swali hili kwa barua.